Shimo la Nini

Watu wa Geita hawakuwa na adabu na majina ya watu. Mwandishi wetu wa barua alibatizwa Donatus, lakini kuanzia sokoni hadi mgodini aliitwa Shimo la Nini, na watoto walimwita hivyo mbele ya uso wake. Mimi, Valerian, karani wa kuandikisha wafanyakazi pale mgodini, nilicheka kama wengine. Sasa sicheki.

Alikaa kwenye baraza ya duka la Liaquat: meza moja, benchi moja, kidau cha wino. Watu walitoka Usukuma kote kutafuta kazi, wengi hawajui kusoma, naye akawaandikia barua za maombi. Waandishi wengine walijaza ukurasa mzima kwa taadhima na nasaba. Hadi ufike kwenye kazi umeshapiga miayo. Donatus aliwaambia wateja wake, "Bwana hataki kujua baba yako ni nani. Anataka kujua mikono yako imefanya nini, wapi, miaka mingapi." Mistari mitano, basi. Nilizipenda barua zake kwa sababu zilinipunguzia kazi.

Mwaka 1949 alikuja Nkwabi, mwanamume mrefu wa kutoka pande za Shinyanga. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Donatus akamwuliza mikono yake imefanya nini.

"Shimo, baba. Miaka minne nafanya shimo."

Basi akaandika hivyo: amefanya kazi ya shimo miaka minne. Wageni wa mgodi walifundishwa wiki mbili kugonga mwamba na kusikiliza kama umelegea. Wazoefu walishuka siku ileile. Nkwabi alishuka Jumatatu, na Alhamisi mwamba ukamwangukia.

Baba yake mdogo alipokuja kuchukua vitu vyake, alisimama pale barazani akapaza sauti. "Nani alimpeleka chini ya mawe? Huyu alikuwa anachimba visima! Mashimo ya maji ya ng'ombe!"

Donatus alisikia. Tangu hapo kila aliyetaja shimo aliulizwa, "Shimo la nini?" hata yule aliyetaka tu kumwandikia shemeji yake habari za choo kipya. Ndipo watu wakampa jina. Lakini lilikuwapo jambo ambalo hawakulicheka: hakuruhusu mtu akae mwisho wa benchi. Aliniambia mwenyewe, jua la saa sita likiwaka, kwamba Nkwabi anakaa pale. Anasubiri zamu yake, na foleni ikiisha yeye bado hajaandikiwa. Nikamwambia aache upuuzi.

Miaka miwili baadaye, asubuhi moja, Donatus aliinua macho akamwona Nkwabi mwisho wa benchi, miguu imejaa vumbi la safari. Kalamu ikamponyoka.

"Shikamoo, baba," yule mtu akasema. "Mimi Mageni, mdogo wake Nkwabi. Nyumbani wamenirithisha jina lake." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Balua hii ilirudi na vitu vya kaka, ndiyo ilimpa kazi. Nataka na mimi."

"Wewe umefanya kazi gani?"

"Ileile. Shimo."

"Shimo la nini?"

"La maji, baba. Kwani kuna shimo gani lingine?"

Liaquat, aliyenisimulia haya, alisema Donatus alilia palepale kama mtu aliyefiwa siku hiyo. Kisha akaandika mistari mitano: Mageni anachimba visima, anajua udongo na maji, mgodi haujui, asishushwe. Akamwomba Mageni ampe ile barua ya zamani, yeye aichane. Mageni akakataa. Alikuwa ameambiwa njiani kwamba wazoefu huchukuliwa kwanza, na mkewe alikuwa anakaribia kujifungua.

"Unataka nirudi mikono mitupu? Jina ni langu, balua ni yangu." Akaondoka nazo zote mbili.

Dirishani kwangu alitoa ile ya zamani. Siku hiyo nilitakiwa kupata watu kumi na mmoja wa kushuka, nami nilikuwa na tisa. Nikaikunjua. Chini ya mwandiko wa Donatus palikuwa na maneno ya wino mwekundu, ya kumwonyesha nyapara: *Mzoefu wa mgodi. Ashuke leo.* Mwandiko ulikuwa wangu.

Donatus aliandika shimo. Mgodi niliuongeza mimi, njaa ya mchana ikiniuma, bila hata kumtazama mtu usoni. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia watoto.

"Shimo la nini?" nikajisikia nikimwuliza.

Mageni akasita, akainamisha kichwa, kisha akanisogezea barua ya pili. Tulimweka kwenye visima vya kambi, na mwanawe alizaliwa baba akiwa hai.

Jioni nilikwenda barazani kuungama. Nilimkuta Donatus ameketi mwisho wa benchi, mahali palepale, anatabasamu. "Ameondoka, Valerian," akaniambia. "Nimemwandikia, ameondoka." Kwa aibu yangu, habari za wino mwekundu sikumwambia siku ile wala siku nyingine. Donatus alikufa akiamini kwamba ni yeye peke yake ambaye hakuuliza.

Na alikosea jambo moja zaidi. Nkwabi hakuondoka, alihama tu. Kila foleni ilipoisha dirishani kwangu, mtu mmoja mrefu alibaki amesimama.