Picha Yenye Ukungu

Juzi, katika duka la kutuma pesa hapa Kitengela, mama anayeuza mbuzi soko la Bisil alikuwa analipia mtandao wa wachumba kwa mara ya tatu. Simu yake ilionyesha picha ya mwanamume iliyofunikwa ukungu: lipa ndio umwone, lipa tena ndio umjibu.

"Lakini mathe," mhudumu akamwambia, "huko Bisil mtu hanunui mbuzi kabla hajamwangalia meno."

Mama akakipangusa kioo cha simu kwa leso, polepole, kana kwamba ukungu ungetoka.

"Hakuna mbuzi amewahi kuniuliza nimeamkaje."

Mimi, nyuma yake kwenye foleni, nilikuwa nimeiandalia mitandao hiyo maneno makali. Sasa najaribu tu kukumbuka mimi mara ya mwisho niliulizwa hivyo lini, na kwangu tunaamka watu watano.