Rangi Inayotaka Mwanga

Nilibishania bei ya rangi ile pale mpakani Bunagana mpaka muuzaji akakaa chini. Ilikuwa na chembe za shaba na madini mengine, ndogo kuliko vumbi. Mwanga ukizigusa, alisema, zinaua vijidudu vinavyotua ukutani. Niliiuza kwa kituo kimoja cha afya mjini kwetu, mtaa wa Ndosho, ikapakwa kama tunavyopaka sisi: nusu ya chini ya ukuta, pale mikono na migongo inapoegemea.

Vita vilipokaribia mji, mke wangu alikuwa amelazwa humo, amepasuliwa kumtoa mtoto wetu. Kidonda cha jirani yake wa kitanda kilikuwa kimeanza kutoa usaha. Wakimbizi wa Rutshuru walijaa chumbani, wakafanya tufanyavyo wote risasi zikianza: magodoro madirishani. Mchana ukawa giza.

"Papa, rangi yako imelala," muuguzi akaniambia. "Ondoa ile matela ya dirishani, tusukume kitanda cha mama kwenye mwanga."

Godoro lilishikiliwa na mgongo wa mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha.

"Mama, tushushe nusu tu."

"Nusu ya nini, papa? Risasi haina nusu. Lete rangi ya kuzuia risasi, hiyo nitanunua."

Watu wakacheka. Kisha kitu kikapiga mluzi juu ya mabati, kicheko kikaisha.

Nikatazama mara mbili. Chini ya dirisha, ukuta wa mawe ya volkano ulimkinga mke wangu, lakini gizani. Mwanga ungeangukia ukuta wa pili, unaotazamana na dirisha. Risasi nayo ingepita njia hiyohiyo.

"Mbona unanipima kama kitambaa?" mke wangu akauliza. "Unasukuma ao hapana?"

"Ukibaki gizani, kidonda kinaweza kuharibika."

"Na nikienda kwenye mwanga?"

Mimi, niliyeisifia rangi ile mpaka mate yakakauka, nikageuka kulitazama godoro dirishani. Akamgeukia muuguzi.

"Mbele ya hii rangi kufika, mulikuwa munafanya namna gani?"

"Sabuni, mama. Na javeli, ile dawa ya maji ya kuua vijidudu."

"Basi mupatie huyu muzee ndoo."

Nikachuchumaa, nikasugua vyuma vya kitanda, kisha ukuta wenye rangi yangu mwenyewe.

"Pale umeruka!" akapaza sauti mama wa godoro.

Kila mlio ulisimamisha mkono wangu, kila mara mke wangu alisema, "Endelea."

Muuguzi akanawa, akafungua bendeji ya mke wangu kwa mwanga wa simu, akainama, akanusa kidonda.

"Kikavu," akasema. "Usiache kusugua."