Ndege Niliyoizuia Busi

Nilitumwa Dodoma kwa sababu ya mrija wa mafuta. Nilikuwa mkaguzi wa ndege Dar es Salaam, miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kuendesha ndege za kukodi, na ndege moja ndogo ya Dodoma ilikuwa na ugonjwa usiopona. Mara mbili wenzangu walikuta mrija unavuja kwenye kiungo na mtungi wa kuzimia moto mtupu. Mara mbili mwenye ndege alijibu kwamba amerekebisha. Kuhakikisha ilikuwa kazi yangu, nami niliridhika na jibu nikiwa nimekaa ofisini. Matatizo yaliporipotiwa tena, mkuu wangu aliniambia, "Nenda ukaone kwa macho yako."

Dodoma niliteremka kwenye treni asubuhi, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilikunywa chai mtaa wa Majengo, madukani kumejaa redio na sabuni za nje ambazo zamani tulizisikia tu. Kwenye uwanja wa ndege niliambiwa ndege imepeleka dawa Busi, huko Kondoa. Mzee Lukas, dereva wa hospitali ya misheni, alikuwa anakwenda huko na Land Rover, akanipa nafasi mbele. Njiani nilimsimulia habari za ndege kama mtu aliye likizo. Kukumbuka hilo tu kunaniuma.

Busi tulifika mchana. Ndege ilikuwa kwenye kiwanja cha udongo, na rubani, kijana aitwaye Elia, amejipumzisha kivulini mwa bawa. Nilifungua kifuniko cha injini. Kiungo kilikuwa kimezungushiwa mpira wa baiskeli, na petroli inachuruzika. Mshale wa mtungi ulikuwa umelala kwenye sifuri.

"Umeruka hivi leo?" nilimuuliza.

"Naruka hivi kila siku, mzee. Nikikataa, kesho anaruka mwingine."

Nikamwambia ndege haitaruka tena. Hatujamaliza kuzungumza, watu wakaja na machela. Aliyebebwa alikuwa Zaina, mwanamke wa pale Busi, ana uchungu tangu jana yake na mtoto amekaa vibaya tumboni. Nyuma yake alikuja mama yake, Bi Hadija, pamoja na muuguzi.

"Daktari wa upasuaji wa Kondoa yuko safarini," muuguzi alisema. "Kwa ndege Dodoma si mbali. Iache iende mara hii tu, kaka yangu."

Nikaitazama ile petroli. "Ikiwaka angani watakufa wote," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

Mzee Lukas akageuza gari. Zaina alilazwa nyuma kwenye godoro, mama yake na muuguzi wakapanda naye, nami nikakaa ubavuni pake nikishika chupa ya dripu. Kila tulipoingia shimoni alinibana mkono. Baada ya Kondoa akaacha kulia, na ule ukimya ulinitisha kuliko kilio.

Dodoma tuliingia jioni, akapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Zaina alipona. Mtoto hakutoka hai.

Kesho yake asubuhi nilirudi hospitali, nikamkuta Bi Hadija kwenye benchi nje ya wodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alisema Kiswahili polepole, akitafuta maneno. "Wewe ndiye ulikataza ndege?"

"Ni mimi."

"Kweli ilikuwa mbovu?"

"Mbovu sana."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. "Mwaka jana, mama."

Akakunja khanga yake magotini. "Basi ungekuja mwaka jana," akasema, akainuka kumpelekea binti yake uji.

Kwenye treni ya kurudi, abiria walinunua kuku na karanga kila stesheni. Mimi sikuweza kula. Nilipofika Dar nilimweleza mkuu wangu yote, pamoja na ile sehemu yangu. Baadaye nilirudi Busi kusimamia ufungaji wa mrija mpya na mtungi uliojazwa. Fundi alimaliza kabla chai yangu haijapoa.

Tangu hapo, tatizo likijirudia sisubiri jibu. Nafunga mkoba na kwenda. Kuizuia ile ndege sijuti. Ninachoona aibu ni kwamba siku ile pale Busi, mbele ya yule mama na binti yake, nilionekana mtu makini anayejua kazi yake.