Nyumba ya Barabara ya Itsandra

Mume wangu alitangulia Moroni miezi miwili kabla yetu. Alikuwa fundi wa majenereta, na mfanyabiashara mmoja wa huko alikuwa amemchukua kutoka Mombasa kwa mkataba. Katika barua yake ya mwisho aliniandikia kwamba zimepatikana nyumba mbili, kwamba hajaikubali hata moja, na ananisubiri mimi nichague, kwa sababu yeye atakuwa kazini kutwa na mimi ndiye nitakayeshinda humo na watoto. Nilifurahi mno. Tangu tuoane tulikuwa tukikaa chumba kimoja katika nyumba ya mama yake, na sikuwahi kuamua hata kabati liwekwe upande gani.

Wakati huo mamluki walikuwa wameshakaa Komoro miaka kadhaa, na watu walikuwa wamezoea kutowatazama. Mimi niliwatazama. Walikuwa watatu uwanja wa ndege, wazungu wenye sare nyeusi, wamesimama kivulini. Mtu aliyekuwa akipiga mihuri pasi zetu aliusimamisha mkono wake walipopita nyuma yake, kisha akaendelea. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, aliniuliza kama wale ni polisi. Nilimwambia ndiyo, nikamvuta mkono tutoke. Mdogo wake, wa miaka mitatu, alikuwa amelala begani mwangu, kifua kikimlia filimbi. Alikuwa na pumu, na tangu azaliwe nilikuwa sisikii kitu kingine chochote kabla ya kuusikia ule mlio.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ndani ya mji wa kale, nyuma ya msikiti wa Ijumaa. Vichochoro vilikuwa vyembamba hata ilibidi tupite mmoja mmoja. Mume wangu alikuwa amenifundisha njiani kwamba mtu mzima huamkiwa kwa kumwambia "kwezi", basi nikamwambia hivyo mwenye nyumba, mama mmoja mnene aliyekaa kizingitini akichambua mchele. Akanijibu, "Mbona." Nikabaki nimesimama nikitafuta kosa langu, maana kwetu neno hilo ni swali, na mara nyingi ni swali la lawama. Mume wangu akacheka akanieleza kwamba huku ndivyo salamu inavyoitikiwa.

Vyumba vilikuwa viwili, kuta za mawe meusi ya volkano, unyevu umepanda hadi kiunoni. Moshi wa majiko ya majirani ulikuwa ukiingia kwa dirisha moja na kutokea kwa jingine. Wanawake watano au sita walitoka milangoni kunitazama. Mmoja wao alimchukua mwanangu begani bila kuniuliza, akamwekea sikio kifuani, akawaambia wenzake maneno ambayo nilidhani ningeyaelewa, kwa vile yalifanana na yetu, lakini sikuambulia hata moja. Nikamnyang'anya mtoto. Nilihisi kama nimefunguliwa sanduku langu mbele ya watu.

Nyumba ya pili ilikuwa nje ya mji, kwenye barabara iendayo Itsandra, ikielekea bahari. Ilikuwa na ukuta, geti, vyumba vitatu, na birika la maji ya mvua lenye kifuniko cha saruji. Upepo uliingia toka asubuhi. Nilimlaza mtoto juu ya sakafu, kwenye leso yangu, akalala saa nzima bila ya mlio. Nikamwambia mume wangu, "Hapa."

Akanionyesha nyumba ya ng'ambo ya barabara, yenye gari la kijeshi uani, akaniambia kwamba imepangishwa kwa wale wazungu. Nilimjibu kwamba wao wana mambo yao na sisi tuna yetu. Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu niliyasema kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

Tulikaa vizuri miezi ya kwanza. Mtoto alinenepa. Wale watu wa ng'ambo hawakutusumbua. Mmoja wao alimrudishia binti yangu mpira uliovuka barabara, akampa na biskuti, na mimi nikasema ahsante kwa Kifaransa nilichokuwa nikijifunza. Lakini sokoni nilianza kugundua jambo. Wanawake walikuwa wakizungumza nami kwa ishara na kwa vicheko hadi waniulize nakaa wapi. Nikishawaambia, walinipimia ndizi zangu wakamgeukia mtu mwingine. Hakuna aliyekuja kunitembelea. Idi ya kwanza nilipika maandazi na tambi sinia nzima, na tukala wenyewe hadi siku ya tatu.

Nilikuwa na jirani mmoja tu niliyezoeana naye. Ukuta wetu ulipakana na nyumba ya mwalimu wa sekondari, na mke wake alijua Kiswahili kwa sababu baba yake alikuwa na duka Unguja zamani. Ndiye aliyenielekeza mahali pa kununua samaki, ndiye aliyenitafutia mwalimu wa chuo wa kumfundisha binti yangu Kurani. Alikuwa na msichana wa umri wa binti yangu, na wawili hao walikuwa wakizungumza kupitia matundu ya ukuta kutwa nzima, kila mmoja kwa lugha yake. Aliniambia kwamba kwao Ntsoudjini ana nyumba yake mwenyewe, aliyojengewa na wazazi kama wanavyojengewa mabinti wote wa Ngazidja, kisiwa kile, na kwamba wamepanga hapa kwa ajili tu ya kazi ya mumewe. Mara kwa mara alikuwa akienda huko kumwona mama yake.

Siku aliyochukuliwa mumewe, alikuwa huko. Ilikuwa asubuhi, kama saa nne. Nilikuwa naanika nguo na binti yangu amenishikia ndoo ya vibanio. Gari lilisimama mbele ya geti la mwalimu. Walishuka wazungu wawili wenye sare nyeusi na Mkomoro mmoja aliyevaa kiraia. Hawakupiga kelele. Walimtoa mwalimu akiwa na shati lisilofungwa vifungo, na kiatu chake kimoja kilimvuka kwenye kokoto. Aliinama kukiokota, wakamwinua. Alipoinuliwa, uso wake ulielekea kwenye ukuta wetu, na mimi nilikuwa nyuma ya matundu yale, umbali wa hatua kumi. Sijui kama alituona. Gari liligeuka likaelekea mjini.

Mkewe alirudi adhuhuri na mtoto wake mkononi. Alikikuta kiatu. Alikuja moja kwa moja kwangu, akiwa bado hajaanza kulia.

"Dada, nani amemchukua? Niambie tu ni hawa au ni polisi, nijue lango la kwenda kusimama."

"Sikuona kitu," nilimwambia. "Nilikuwa ndani."

Akanitazama, akatazama nguo mbichi kwenye kamba, akaenda zake. Binti yangu alikuwa kando yangu muda wote huo.

Jioni mume wangu aliniambia kwamba nimefanya sawa, kwamba sisi ni wageni, tuna watoto wadogo na vibali vya kukaa ambavyo mtu mmoja tu akikasirika vitachanwa. Maneno yake yote yalikuwa kweli. Nilimwandalia chakula, na mimi sikula.

Siku tatu jirani yangu alizunguka. Alikwenda kituo cha polisi, akaenda gerezani, akaenda mahakamani, na kote aliambiwa hawana mtu wa jina hilo, na kweli hawakuwa naye. Siku ya nne alibisha geti langu, akakataa kuingia.

"Mtoto wako amemwambia mtoto wangu," alisema. "Mpe shukrani zangu."

Kisha akapanda taksi kwenda kwenye lango la kambi ya wale wazungu, ambalo ndilo lililokuwa lango lenyewe.

Nilifunga mlango nikamchapa binti yangu kwa kandambili. Sikuwa nimewahi kumpiga. Nilikuwa na hofu, na aibu ilikuwa kubwa kuliko hofu, na vyote viwili nilivimalizia kwake. Nikamwambia kwamba akiona jambo lolote, asimwambie mtu kabla hajaniuliza mimi. Nikamlazimisha arudie maneno hayo mara tatu. Aliyarudia bila kulia, kama anayesoma aya.

Mwalimu alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Kazi ya kufundisha hakurudishiwa. Wakahamia Ntsoudjini, kwenye nyumba ya mke. Ilinichukua mwezi kujikaza kwenda kumwona. Nilipofika alikuwa na mama yake na ndugu zake uani, wakanikaribisha, wakanipa kahawa na mkate wa mchele, wakaniuliza hali ya kifua cha mwanangu. Nilipopata nafasi nilimwomba msamaha. Nilimwambia niliogopa, kwamba nilikuwa na watoto.

"Na mimi nilikuwa na mtoto," alisema.

Alinisindikiza hadi barabarani kama heshima inavyotaka, akasubiri nami mpaka taksi ikaja.

Mwaka uliofuata mume wangu alipata kazi bandarini Mutsamudu, na tukavuka kwenda kisiwa cha Ndzuani. Mara hii tena tulikuwa na nyumba mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa juu, kwenye njia ya Patsy, kijiji cha mlimani: hewa baridi, bustani, harufu ya milangilangi asubuhi. Mume wangu aliitaka hiyo, na sababu yake ilikuwa na nguvu, kwa maana mtoto hakuwa amepona. Ya pili ilikuwa ghorofa ndani ya mji wa kale, juu ya kichochoro ambacho jua lilifika nusu saa tu kwa siku. Chini alikaa mwenye nyumba na mabinti zake wawili na wajukuu.

Safari hii sikukagua vyumba kwanza. Nilikwenda nikakaa barazani asubuhi mbili, nikasema kwezi nikaitikiwa mbona, nikawatazama wanawake wakipita wamejitanda shiromani zao nyekundu, nani anamwamkia nani, nani anaingia kwa nani bila kubisha. Siku ya pili mwenye nyumba aliniwekea mjukuu mapajani akaingia jikoni. Nikamwambia mume wangu nataka hapa. Aliniuliza kama nimesahau jinsi mtoto anavyopumua. Nilimwambia sijasahau. Tulinuniana siku nzima, na mwishowe aliniachia, lakini aliniambia jambo ambalo lilinikaa: kwamba safari hii simchagulii mtoto, najichagulia mimi. Sikuwa na hakika kwamba amekosea.

Mtoto aliugua zaidi Mutsamudu. Hilo lazima nilikiri. Msimu wa mvua kuta zilitoa jasho, na nilikuwa nikimkalisha kitako nikimpepea mpaka mlio upungue. Wanawake wa chini walikuwa wakija na mafuta ya kumchua na maji ya moto, wakaniambia nenda kalale sisi tupo, na mimi nikaenda nikalala. Kwa hiyo nilikipata nilichokitaka, na yeye alikilipia kwa kifua chake.

Binti yangu alikuwa sasa na miaka minane. Alijifunza Shindzuani upesi kuliko sisi sote, alikuwa na marafiki mlango kwa mlango, lakini alikuwa amekuwa mtoto mwenye kunyamaza. Watu walimsifu kwa adabu. Nami nilipokea sifa hizo.

Alasiri moja, baada ya chuo, alipanda ngazi mbio akasimama mlangoni akihema. Nilikuwa napeta mchele. Alisubiri niinue kichwa.

"Mama, nimeona kitu," alisema. "Niseme?"

Nilimuuliza ameona nini. Akaniambia kwamba mjukuu wa mwenye nyumba, wa miaka minne, ameanguka kutoka kwenye ukuta wa mtoni, yuko chini kwenye mawe na haamki. Nilishuka zile ngazi sijui vipi, nikipiga kelele, na kichochoro chote kikatoka. Walimkuta yu hai, mguu umevunjika mahali pawili, damu nyingi. Wanaume walimbeba hospitali juu ya mlango uliong'olewa bawabani.

Baadaye nilihesabu milango. Kutoka mtoni hadi kwetu binti yangu alikuwa amepita milango kumi na moja, yote wazi, na kizingitini mwa mmoja alikuwa amekaa mama wa yule mtoto mwenyewe, akisukwa nywele. Alipita mbele yake akikimbia, akaja kuniomba ruhusa.

Mtoto alipona, ila mguu ulibaki mfupi kidogo. Siku chache baadaye mama yake alipanda kwetu na sahani ya mkate wa kuchoma na nyama, akamkumbatia binti yangu mbele yangu, akamshukuru kwa kukimbia kuita watu. Hakujua ule wakati uliopotea, na binti yangu alikuwa akinitazama mimi, akingoja kuona kama nitasema.

Nilisema. Nilimwambia yule mama kwamba mtoto angeweza kumwambia yeye kwanza, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha asifanye hivyo, na nikamweleza kwa nini. Nilisema kwa Shindzuani yangu iliyovunjika, na sijui kama alielewa yote. Kisha aliuliza yule mwalimu wa Moroni yu hali gani sasa, na nilimwambia nilichokijua, kwamba yu hai, kwamba anafundisha watoto wa jamaa nyumbani, kwamba anaandika kwa mkono wa kushoto.

Alipoondoka nilimketisha binti yangu nikamwambia kwamba siku ile ya Moroni nilimpiga bila kosa. Alinisikiliza. Nilimwambia akiona mtu ameumia, amwambie yeyote aliye karibu, asinitafute mimi.

"Na wakiwa ni wale wazungu wanamchukua mtu?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba hata wakiwa ni wao, awaambie jamaa za mtu huyo. Aliitikia kwa kichwa, akaomba ruhusa ya kwenda kucheza, nami nikamwambia kwamba kwenda nje hakuhitaji kuomba.

Tulikaa pale miaka miwili zaidi.