Samadi juu ya Kaburi la Baba

Namshukuru Mungu aliyenilinda tangu utoto hadi mvi hizi, ndipo nisimulie.

Wakati wa Mjerumani kanisa letu lilikuwa nyumba ya tembe, yenye paa bapa la udongo, na uwanja wake wa makaburi ulikuwa mtupu. Baba yangu alikuwa wa kwanza kulazwa pale. Kwetu Ugogo mwenye mji, yaani mkuu wa kaya, huzikwa zizini, ng'ombe wake wakilala juu yake. Lakini baba alikuwa amebatizwa, naye kabla ya kufa aliomba azikwe kanisani.

Bibi, mama yake, hakuwa Mkristo. Alimwambia mwalimu wa kanisa, "Mwanangu umemtupa porini. Nani atalala naye?"

"Analala na Bwana, mama."

"Huyo Bwana wako ana ng'ombe?"

Kesho yake bibi alibeba kapu la samadi kutoka zizini, akaitandaza juu ya kaburi kwa mikono yake. Mwalimu, mgeni kutoka pwani, alidhani anautukana msalaba, akaifagia yote. Bibi alisimama akitazama mpaka ufagio ukamaliza, kisha akaenda zake. Hakurudi tena pale.

Alikufa mwaka wa njaa. Tulimzika zizini kama alivyotaka, lakini ng'ombe walikuwa wamekwisha wote.

Sasa mimi ni mzee wa kanisa lile, na kila mwaka kabla ya mvua huweka konzi ya samadi kwa baba. Hakuna anayeifagia.

Wewe usomaye, Mungu akujalie kulala karibu na watu wako.