Mgalu Aliyevuka Uwanja

Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Vikundi viwili, Bagalu upande mmoja na Bagika upande wa pili, huanza kuimba kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, nao watazamaji hupiga kura kwa miguu: anayeachwa na watu ndiye aliyeshindwa. Kwa sababu hiyo Mgalu wa kweli havuki uwanja kwenda kwa Bagika, hata kama mkewe anauguzwa huko. Mayige wa Zagayu aliishika sheria hiyo kwa miaka hamsini na mmoja.

Alikuwa mkulima wa pamba, na ng'ombe wake hawakupata kuzidi tisa. Lakini Mwenyezi Mungu, agawaye vipaji bila kuangalia mazizi, alimjalia kutunga. Wimbo wake mkuu ulihusu mwaka wa njaa, mvua ilipopita juu ya Itilima ikaenda kunyesha ziwani. Ulikuwa na beti kumi na sita, kila ubeti ukipanda kidogo juu ya uliotangulia. Na katika ubeti wa tisa ngoma zote zilinyamaza, ili mdogo wake aliyekufa mwaka ule atajwe kwa jina. Nimesikia muziki mwingi katika makanisa niliyojaliwa kupita. Sijasikia kimya kilichotungwa vizuri kama kile.

Wimbo huo haukurekodiwa kamwe. Mayige hakutaka. Wimbo, alisema, si pamba ya kufungwa kwenye robota.

Miaka mitatu iliyopita alipasuliwa koo, akabaki na mnong'ono. Ndipo alipomwita Bundala, mwana wa dada yake na kiongozi mpya wa kikundi, akamfundisha wimbo ule kiangazi kizima, akimnong'oneza sikioni kama mtu anayeungama. Kila ubeti Bundala aliitikia kwa kichwa. "Nimeshika, mjomba."

Julai iliyopita, siku ya kwanza ya mashindano ya Zagayu, Mayige aliketi mbele kwenye kigoda chake. Bundala akauanza wimbo. Kufikia ubeti wa tatu, watazamaji walikuwa wakimiminika kwa Bagika, ambao walikuwa wamemleta chatu wa kucheza naye. Bundala akainua mkono. Ngoma zikakatika, na spika zikapasua uwanja kwa wimbo wa mtindo wa mjini wa kumsifu mgeni rasmi. Watu wakarudi mbio, na Bagalu wakashinda siku ile.

"Mjomba, tumewafagia!" Bundala alisema, jasho likimtiririka.

"Mbona hukufika wa tisa?"

"Watu walikuwa wanaondoka."

"Basi uimbe kesho. Asubuhi, kabla hawajajaa."

Bundala akatazama chini. "Mjomba, nisikudanganye. Nilishika nne tu. Nilijua hatutafika mbali."

"Na kile kiangazi kizima?"

"Ulikuwa mgonjwa. Tuliona tukufurahishe."

Neno hilo, tuliona, ndilo lililomchoma. Kikundi kizima kilijua.

Asubuhi yake Mayige alipanda bodaboda hadi Migato, kwa Ngeleja, mtunzi mzee wa Bagika na adui yake wa uwanjani tangu ujana.

"Mwangaluka, namhala," Ngeleja alimwamkia kwa Kisukuma, habari za asubuhi, mzee, kama wazee wanavyoamkiana, kisha heshima ikaishia hapo. "Loo! Mgalu mlangoni kwangu! Umepotea njia, au dawa zenu za kuvuta watazamaji zimekwisha umekuja kuazima?"

"Ubeti wa tisa," Mayige akanong'ona. "Unaukumbuka?"

"Wimbo ulioninyang'anya fahali wa ushindi miaka sita? Nilikuwa nalala nao, bwana, nitafute mahali pa kuupiga!"

Akauimba wote, beti kumi na sita, kwa sauti iliyochakaa lakini isiyokosea njia. Kwenye wa tisa alinyamaza kwa muda uleule zilionyamaza ngoma zamani, kisha akalitaja jina la marehemu: Nkinda. Mayige alilia bila sauti.

"Lakini uwanjani siuimbi," Ngeleja alisema. "Mimi ni Mgika, nitakufa Mgika."

"Najua."

"Na zangu je? Vijana wangu siku hizi wanamjua chatu tu. Nyimbo zangu anazo nani?"

Mayige alikuwa nazo zote. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu ila pumzi.

Alasiri walirejea Zagayu, kila mmoja kwa njia yake. Bundala alikuwa amemwekea mjomba wake kiti cha plastiki karibu na mgeni rasmi. Mayige hakukikalia. Aliinua kigoda chake, akaingia katikati ya uwanja, akaanza kuvuka.

"Mjomba!" Bundala akaita kwenye kipaza sauti. "Namhala, huko ni kwa Bagika!"

Watu wakacheka, wakidhani mzee amechanganyikiwa. Hakugeuka. Ngeleja alivuta miguu kumpisha, na Mayige akakitua kigoda, akaketi akiwatazama watu wake.

Jioni Bagalu walitangazwa washindi tena, wakapewa fahali. Hakuna aliyevuka kumfuata mzee.