Kuku wa Bi Pelagia na nati za kufuli za Zuena

Jumanne asubuhi, Isevya mjini Tabora. Zuena amepiga magoti mchangani mbele ya Corolla nyeupe, spana imelala pembeni yake. Haishiki. Anasubiri ufunguo.

Kwenye kiti cha mbele cha gari, Bi Pelagia anahangaika kufungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Anatumia mkono wa kushoto, ule uliopooza alipopata kiharusi mwaka jana. Vidole vinateleza, vinarudi, vinateleza tena. Mumewe, Mzee Masolwa, ananyoosha mkono amsaidie.

"Wee Mnyamwezi, koma!" Zuena anamkemea. "Nani kakuita?"

Mzee anarudisha mkono huku akicheka. Fundo linaachia polepole, na kipande kifupi cha chuma kinadondokea mapajani mwa Bi Pelagia. Ndicho ufunguo wa nati za kufuli, zile zinazozuia wezi wasiondoke na matairi ya gari.

"Ahsante, mama," Zuena anasema, na hapo sauti yake imelainika kabisa.

Mlangoni mwa banda lake kuna kuku tetea mweusi, kafungwa kamba mguuni. Mwandishi anapomtazama, Zuena anauliza, "Kabila gani wewe?" Anajibiwa Msukuma. "Haya basi, nanyi watani zangu. Hata kumnusa hunusi. Huyo ana mwenyewe."

Zuena ana miaka 47, Mzaramo wa Kisarawe. Alikuja Tabora kwa treni akiwa bibi harusi, ameolewa na fundi tairi wa Kinyamwezi. Mumewe ndiye aliyemfundisha kuziba pancha na kupandisha gari kwa jeki. Alipofariki, watu walidhani mjane huyu atafungasha arudi Pwani.

"Nirudi kwa nani? Na jeki nimwachie nani?" anasema. "Nilimlilia mume wangu siku arobaini, kisha nikafungua banda. Mpaka leo nikishika spana yake naona kama kanishika mkono."

Kazi ya nati za kufuli aliianza wizi wa matairi uliposhamiri mitaani. Katika kila tairi huondoa nati moja ya kawaida na kuweka moja ya kufuli, ambayo kichwa chake hakikubali spana nyingine ila ufunguo wake. Siku nzuri anaondoka na elfu ishirini au thelathini. Siku mbaya anaondoka na salamu.

Hauzi ovyo. Zipo nati za bei chee ambazo ufunguo mmoja unafungua za mtaa mzima, na hizo hazitaki hata kuziona. "Hiyo si kufuli, ni pambo," anasema. Kwanza huikagua nati ya zamani: unene wake, urefu wake, na kitako chake kinavyokaa kwenye rimu. Kisha huizungusha mpya kwa vidole. Ikikataa vidole, hailazimishi. Hukaza kwa mkono na kwa kuvukana, nati moja kisha ile ya upande wa pili, na mteja lazima arudi baada ya siku chache nati zikaguliwe upya.

Mzee Masolwa, mwalimu mstaafu anayeishi Ipuli, alifika kwake akiwa amenyong'onyea. Asubuhi moja aliamka akalikuta gari lake limekaa juu ya matofali, matairi yote manne yamekwenda. Siku hiyo alikuwa ampeleke mkewe mazoezi ya viungo hospitali.

"Matairi yananiuma, ndiyo, lakini mguu wa mke wangu ndio ulioniliza," anasema mzee. "Alikuwa ameanza kusimama. Bajaji inamkunja, hawezi kukaa. Nilipopata matairi mengine tayari tumekosa mazoezi wiki nyingi, na mguu umerudi kule kule. Wakatuambia tukikosa tena, huenda usiamke."

Kwa hiyo aliomba nati ambazo mwizi hazifungui na mzee anazifungua. Zuena alimtafutia, akazifunga, akamwelekeza taratibu. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka wakati wa kukabidhi ufunguo. Hapo utani ukaingia.

Wazee husimulia kuwa utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulizaliwa kwenye njia ya misafara, enzi wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakishuka Pwani na mizigo kichwani. Misafara imekwisha, lakini matusi ya kirafiki yamebaki. Mtani anaweza kukinyakua kitu chako akatae kukirudisha mpaka ukikomboe, nawe huruhusiwi kununa.

Zuena aliutumbukiza ufunguo kifuani mwake. "Mnyamwezi, ukiutaka lete kuku!"

Mzee alicheka mpaka akajishika mbavu. Tangu mkewe augue hakuna mtu aliyekuwa amemtania. Wote walimwonea huruma tu. Akaahidi kuku kesho yake, wakitoka hospitali, akaondoka bila ufunguo.

Kesho yake, njiani kwenda mazoezi, tairi la mbele likapata pancha.

"Alinipigia simu," anasimulia Zuena, na machozi yanamlengalenga. "Anasema, 'Mtani, tumekwama, na mama yumo ndani.' Moyo ulinipasuka. Nilijiuliza, mimi Zuena nimefanya nini? Mwizi kaiba matairi, nami nimeiba ufunguo. Tofauti yetu iko wapi?"

Alirukia bodaboda akiwa na jeki mapajani. Alipofika alimpigia Bi Pelagia magoti dirishani, akaomba radhi huku analia, ufunguo ameunyoosha mbele. Bi Pelagia alikuwa hajatamka neno la kueleweka kwa miezi. Alimtazama yule Mzaramo aliyejaa vumbi na kamasi, mdomo ukamcheza, akaanza kucheka.

"Kuku… hupati," akasema.

Mzee Masolwa aliangua kilio palepale barabarani. Zuena alibadilisha tairi haoni vizuri kwa machozi. Walifika hospitali wamechelewa, wakasubiri mpaka mchana, lakini mguu ulifanyiwa mazoezi.

Jioni mzee alimleta kuku, maana deni la utani hulipwa. Zuena alimpokea ila kisu hakikushikika. Akatoa hukumu yake: kuku ni wa Bi Pelagia, na atamchukua mwenyewe, kwa miguu yake, hapo mlangoni. Ufunguo nao utakaa kwenye pindo la kanga ya Bi Pelagia, naye ataufungua kwa mkono wa kushoto.

Tangu hapo, kila Jumanne wakielekea hospitali hupita Isevya kukagua nati. Kuku ameshaanza kutaga, na mayai Zuena huyapeleka Ipuli mwenyewe. Huwa hakosi tusi la kuyasindikizia.

Leo nati zote ziko imara. Zuena anafuta mikono, anafungua mlango wa gari na kumpa Bi Pelagia bega. Mzee anashika upande wa pili. Mguu wa kushoto unaburuta mchanga, unasita, kisha unanyanyuka. Juma lililopita aliishia kwenye bampa la mbele. Leo anapita bampa, anafika kwenye rundo la matairi makuukuu na kuketi juu yake, jasho likimtoka. Kuku yuko pale mbele, karibu lakini si karibu sana.

"Mtani," Mzee Masolwa anabembeleza, "msogeze basi huyo kuku kidogo."

"Hasogei!" anajibu Zuena. "Nikimsogeza nitakuwa nimemwibia tena."

Anaulizwa ana mpango gani mbele ya safari. Anasema angependa kupata banda la bati lenye sakafu, na mashine ya kuvulia matairi, maana mgongo umeanza kulalamika. Kisha anatikisa kichwa.

"Hayo yatakuja. Mimi naisubiri siku moja tu, huyu mama aishike ile kamba kwa mkono wake wa kushoto. Siku hiyo nafunga banda. Napika wali, nawaalika Wanyamwezi wote, washibe, wanitukane mpaka wachoke."

Upepo unapita, kamba inalegea, kuku anaanza kupiga hatua kumfuata Bi Pelagia. Bi Pelagia anamwona. Anainua mkono wa kushoto, unapanda kidogo tu, na kumwonyesha Zuena ile kamba.

"Mfunge… vizuri," anasema. "Nakuja."